Mbao Zenye Macho

Hasira za Mererid Puw zilijulikana kuanzia daraja la mtoni mpaka machimbo ya mawe, na watu wa bonde walizichukulia kama mvua ya Wales: huizuii, unavaa koti. Alikuwa fundi wa samani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na mwaka huo kamati ya tamasha la ushairi la kijiji ilimpa kazi aliyoitamani tangu aliposhika randa: kiti cha mshairi mshindi.

Kiti hicho lazima kitoke kwenye mti wa parokia. Jina la aliyetoa mti hutangazwa jukwaani kabla ya jina la mshairi, na hakuna anayeona ajabu, kwa kuwa washairi ni wengi na miti inapungua. Safari hii mti ulitolewa na Hefin, kaka yake Mererid, mfugaji wa kondoo: mwaloni mkongwe wa ukingo wa malisho, ulioangushwa na upepo kwenye shamba walilolirithi. Mzee Idwal, mpasua mbao, alikuwa ameupasua na kuzipanga mbao bandani mwake, vijiti katikati ya kila mbili ili hewa ipite, zikakauka kwa miaka.

Majira ya baridi Mererid alikwenda kuchagua. Alizigeuza mbao moja moja, akatema mate kwenye kidole na kusugua ili aone rangi itakavyokuwa ikipakwa mafuta. Kwa miguu ya kiti alitenga mbao zilizonyooka, zisizo na doa, kwa sababu mguu hubeba mshairi, na washairi hula. Kwa mgongo alitaka zile zenye macho, pale vitawi vilipochipua na kufa, madoadoa yaliyojikusanya kama nyayo za paka aliyepita kwenye unga. Aligonga kila jicho kwa kifundo cha kidole. Lililolia kwa sauti nzito lilikuwa limeshikana na ubao. Lililolia kama kikombe chenye ufa lingedondoka siku yoyote, akalikataa. Alikataa pia kila penye weupe wa chini ya gome, chakula cha wadudu. Zikabaki mbao tano, rangi ya chai iliyokolea. Akazitia alama ya chaki na kumwambia Idwal asiziguse.

Mwezi Machi aliporudi na gari, zilikuwepo zilizonyooka tu.

"Zile zangu ziko wapi?"

"Zipi?" Idwal alijifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

"Idwal, usinichezee. Zenye macho. Tano."

"Hefin alikuja na trela. Akasema mmeshakubaliana, kiti kitakuwa cha mbao safi, hizo zingine ni kuni tu. Mimi ningejuaje? Ninyi ni ndugu."

"Ndiyo maana ulitakiwa uniulize!"

Idwal aliivua miwani aliyokuwa akiitafuta na kuanza kuifuta.

Huko mjini, tajiri akitaka meza ya mwaloni siku hizi huagiza yenye macho na nyufa, ili wageni wadhani bibi yake alikuwa na shamba. Watu wenye mashamba, kama Hefin, bado wanaitaka safi kama ubao wa dukani. Mererid aliyawaza hayo njia nzima, kwa maneno mengine, mengi yakiwa hayaandikiki.

Alimkuta kaka yake kwenye zizi la kondoo wanaozaa, amepiga magoti kwenye majani makavu, kondoo jike mmoja akimpumulia shingoni. Zizi lilikuwa jipya. Mererid alizitambua mbao zake tano kwenye kuta kabla hajazima gari.

"Shuka tu," Hefin alimwambia bila kugeuka. "Nasikia breki, najua ni nani."

"Hefin, umepigilia kiti changu kwenye mavi ya kondoo."

"Nimepigilia kuni. Dada, zile mbao zina mashimo! Watu wangesema nini? Shamba la baba linatajwa jukwaani, halafu kinatolewa kiti kama mlango wa banda la nguruwe."

"Baba alikula kwenye meza ya mbao kama hizihizi!"

"Kwa sababu hakuwa na nyingine."

Hapo Mererid alichungulia karibu na kuona misumari. Ilikuwa ya chuma cha kawaida, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mwaloni uliolowa na chuma havikai pamoja: kila msumari ulikuwa umetoa doa jeusi lenye ubluu, lililoteremka na mshipa wa mti kama wino uliomwagwa na mwanafunzi mzembe. Hata mtoto wa shule wa bonde lile anajua kwamba mwaloni hupigiliwa misumari isiyoshika kutu. Hefin alijua pia. Ile ya chuma ndiyo iliyokuwa mfukoni.

"Wewe," Mererid alisema polepole, na waliomfahamu waliogopa zaidi alipopunguza sauti, "hata ukuta wa kondoo hujui kujenga."

Akachukua mtaimbo kwenye gari na kuanza kubomoa.

"Mererid! Wana watoto humo! Mererid, wewe mwanamke, ngoja kidogo!"

Hakungoja. Ubao wa pili ulipotoka, kondoo walielewa kilichotokea haraka kuliko Hefin, wakatoka na watoto wao moja kwa moja kwenye bustani ya liki, vitunguu vya majani, ya mke wake. Hefin akawakimbilia akitaja majina ya watakatifu ambayo kanisani kwake hayatumiki. Aliporudi amelowa mpaka magotini, dada yake alikuwa amelaza mbao tano kwenye nyasi na kuzigonga upya. Tatu zilikuwa zimepasuka kwa misumari, kuanzia kwenye jicho mpaka mwisho. Mbili zilifaa, mashimo na wino vikiwamo.

"Hizi ndizo mgongo," alisema.

"Sawa. Lakini madoa utayageuzia nyuma."

"Mbele."

"Dada."

"Mbele, Hefin. Yawaangalie watu."

"Kila mtu atajua ni misumari ya nani!"

"Ndiyo."

Alimsihi mpaka Mererid alipowasha gari. Kiangazi chote alimsihi, mara kwa simu, mara kwa kumletea paja la mwanakondoo, ambalo Mererid alilipokea, akalila, na asibadili kitu.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa. Kiti kilisimama jukwaani, miguu yake imenyooka kama askari, na mgongoni nyayo za paka zikipita katikati ya mito miwili ya wino. Kilikuwa kizuri, na ilikuwa wazi kabisa kuwa mbao zake ziliwahi kupigiliwa misumari. Mwendesha sherehe alipotangaza kuwa mti umetolewa na Hefin Puw, wafugaji wa safu za nyuma walikohoa kwa pamoja. Mmoja akauliza kwa sauti kama misumari pia ilikuwa zawadi. Hefin alikaa wima, masikio mekundu.

Kisha mshairi mshindi akapandishwa, upanga ukatolewa nusu nje ya ala juu ya kichwa chake, na mwendesha sherehe akauliza kama desturi inavyotaka, mara tatu, kabla upanga haujarudishwa alani na mshairi hajaketi: "Kuna amani?"

"Amani!" ukumbi ukaitikia. Mererid alifunga mdomo.

"Kuna amani?"

"Amani!"

Mererid alikunja mikono. Safu mbili mbele yake Hefin aligeuka mzima alipoketi, mbele ya watu wote, akamwangalia. Hakutabasamu wala hakuomba kitu. Alingoja tu, kama anavyomngoja kondoo mkaidi langoni.

"Kuna amani?" mara ya tatu.

"Amani!" Mererid alifoka kabla ya wengine wote, kwa sauti ileile aliyoitumia zizini, hata mshika upanga akashtuka na kuurudisha wote alani.

Mshairi akaketi haraka.