Mume Wangu Anasema Injini Imekufa, Lakini Gari Nimeliona Limebeba Bibi Harusi

Admin, naomba jina langu lisitokee, maana walimu wenzangu wengi wanasoma hapa. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, nafundisha shule ya msingi, naishi Misugusugu, Kibaha. Nina miaka kumi na saba ya ndoa na watoto watatu. Mume wangu ni mpole, hanywi pombe, hajawahi kuninyanyasa. Ndiyo maana jambo hili limenikaa kooni.

Miaka mitatu iliyopita alinunua gari lililotumika, yale marefu meusi ya dizeli wanayopanda wakubwa. Aliyemuuzia ni bosi wake wa zamani aliyekuwa anahama. Mimi nilitaka kigari kidogo cha petroli ambacho kila fundi wa Kibaha anakijua. Akanicheka. Alisema dizeli haili mafuta, tangi moja unakwenda Dodoma na kurudi, na injini za namna ile hazifi. Kweli, mwanzoni tulifaidi. Mama yangu alipougua huko Gwata, Mungu amrehemu, ndilo lililonipeleka kila wiki, na halikuwahi kutuzimikia njiani.

Mwaka wa pili likaanza kutoa moshi mweusi, na taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Mafundi wa hapa wakalikwepa, wakasema linataka mtu mwenye kompyuta. Mume wangu akaelekezwa kwa fundi mmoja wa Kisarawe, nitamwita Mbwana. Zikabadilishwa nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini. Baada ya nozeli ikaja turbo, nikakopa kwenye chama chetu cha walimu nikampa. Baada ya turbo, mume wangu akasema sasa ni pampu ya dizeli. Gari likawa linashinda Kisarawe kuliko nyumbani, na yeye kila Jumamosi anakwenda kulisimamia, anarudi jioni mikono misafi. Nililiona hilo, nikajikemea. Nikasema nisiwe mke wa kuchunguza vidole vya mume.

Miezi miwili iliyopita akaniketisha sebuleni, akasema injini imenoki, haifai tena, inatakiwa nyingine. Akapendekeza tuuze shamba la Gwata. Shamba hilo aliniachia mama, ekari tatu zenye mikorosho, liko kwa jina langu. Nikamuuliza kwa nini tusiuze gari lenyewe hata kama chuma chakavu. Akasema likipata injini litatulipa. Nikaja kugundua alikuwa ameshapata mnunuzi wa shamba kabla hajaniuliza mimi.

Jumamosi moja baada ya hapo nilikuwa sokoni Mlandizi natafuta mchele. Nikasikia matarumbeta, watu wakasogea pembeni, msafara wa harusi unapita. Gari la mbele lilikuwa jeusi, limefungwa riboni na maua. Nililitazama kwa kulipenda tu, kabla sijalitambua. Mlango wa nyuma una mkwaruzo nilioutia mimi mwenyewe kwenye geti letu, na namba zilikuwa zile zile. Bibi harusi alikuwa amekaa mahali ninapokaa mimi. Dereva sikumjua.

Nikampigia mume wangu palepale, nikamuuliza gari linaendeleaje. Upande wake sikusikia hata nyundo moja ya gereji. Akajibu bila kusita.

"Liko juu ya mawe, mke wangu. Injini iko chini."

Nikajiambia labda fundi ndiye anayemwibia. Nilitaka sana iwe hivyo. Jumatano nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda Kisarawe bila kumwambia mtu. Gereji nilielekezwa na wauza matunda. Gari lilikuwa chini ya bati, limeoshwa, linang'aa. Mbwana hakuwa ananijua. Aliniamkia kwa adabu, akanipa kiti. Nikamdanganya kuwa natafuta gari la harusi ya mtoto wa dada yangu. Akaliwasha nisikie. Likaunguruma taratibu, hata moshi hakuna. Akasema zamani lilisumbua nozeli na turbo, lakini tangu vibadilishwe ni oili tu, na kila wikiendi lina shughuli. Pampu hakuitaja. Nikamuuliza kama gari ni lake.

"Hapana mama, ni la mzee mmoja wa Kibaha, tuna ubia. Na sasa tunaongeza la pili. Ana shamba lake Gwata, likishauzwa tu tunaagiza."

Shamba lake. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kituoni, nikaziacha daladala mbili zinipite.

Tangu siku hiyo kila kitu chake nakitilia shaka. Hela za harusi zote hizo zinakwenda wapi, na watoto wanasoma kwa mshahara wangu? Ana nyumba nyingine? Akisema anakwenda msikitini, namhesabia muda. Niliyemweleza ni mdogo wangu wa kiume peke yake. Anasema huenda shemeji alitaka kutushtukiza na biashara. Lakini mtu anayetaka kukufurahisha hakwambii injini imekufa.

Juzi aliniambia mnunuzi anakuja Jumapili na mwenyekiti wa kijiji, niandae kitambulisho. Nikasema nimekisahau shuleni, kumbe kiko kwenye pochi yangu. Leo asubuhi nimemkuta ameshaazima pikipiki ya jirani, amevaa koti, ananisubiri mlangoni. "Twende nikupeleke ukakichukue," akasema, kwa ule upole wake. Nikamwambia kimo ofisini kwa mwalimu mkuu, naye amesafiri na ufunguo. Akaitupia jicho pochi yangu, kisha akavua koti. Nadhani na yeye ameanza kunishuku.

Shamba siuzi, hilo nimeshaamua, msihangaike kunishauri. Ninachowauliza ni kuhusu huyu mtu ninayelala naye. Nimweleze nilichokiona sasa hivi tukiwa wawili, wakati najua atakuwa na jibu tayari kama lile la Mlandizi? Au ningoje Jumapili nimuulize mbele ya mwenyekiti, asipate pa kukwepea, hata kama ndoa itavunjikia hapo hapo? Mlio kwenye ndoa muda mrefu kunizidi, nishaurini kabla ya Jumapili. Nitasoma kila neno.