Mashua ya Baba na Ng'ombe Wangu

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinivusha Mto Mara kwa gari. Katikati ya daraja akasimama, akashusha kioo ili nitazame maji. Alidhani ananifurahisha. Akaniambia yeye na wenzake wana mpango wa kununua boti, wawe wanawatembeza wageni wakatazame viboko, akaniuliza kama zamani sisi tulikuwa na vyombo vya majini. Nikamwambia endesha gari, mjukuu wangu. Akacheka, akaendesha. Lakini harufu ya matope ilikuwa imekwisha kuingia garini, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikumbuka mambo ambayo sikuyaalika. Basi kaa nikusimulie, maana wewe ni mtu mzima mwenzangu na najua huna mpango wa kununua boti.

Kwetu kulikuwa upande wa Tarime, kwenye mteremko, na kutoka mlangoni kwa Bibi uliweza kuona mto ukizunguka kwenye mafunjo. Tulikuwa watu wa ng'ombe na mashamba. Asubuhi uliamka na sauti ya mama akitikisa kibuyu cha maziwa, harufu ya samli na moshi, na ugali wa ulezi mweusi, mzito, ambao ukila husikii njaa mpaka jioni. Maji tulichota mtoni, nguo tulifulia mtoni, lakini hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kutamani kuketi juu ya mto. Samaki wenyewe Bibi hakuruhusu waingie kwenye vyungu vyake. Alisema wananuka kama maiti ya chura.

Sasa baba yangu, miaka ile ya hamsini, alikwenda ziwani kuuza madume, akakuta mwenye mashua ameketi juu ya sanduku, wengine wanapiga kasia, na kila anayepanda anamwamkia kwanza. Baba alirudi nyumbani akiwa mgonjwa wa jambo hilo. Usidhani aliona biashara. Baba yangu hakuwa mtu wa kuona biashara. Aliona mtu anaamkiwa akiwa amekaa.

Akarudi ziwani na ng'ombe wa maana kabisa, fahali mmoja mwekundu niliyempenda na mitamba iliyokuwa karibu kuzaa, akawaacha huko. Badala yao ikaja mashua. Fundi aliyeiunda, Mjaluo mpole mwenye mikono mikubwa, aliileta pamoja na wanawe wakiisukuma kwa miti kupitia mafunjo, na walipofika walikuwa wamevimba kwa mbu. Watu walikusanyika ukingoni. Baba akapanda, akakaa mbele, akavaa kofia. Nakuambia kweli, hata mimi niliona fahari. Nilikuwa mtoto, nina haki ya kusamehewa. Wale wazee waliopiga makofi sijui wana udhuru gani.

Kumbe kununua ilikuwa mwanzo tu. Mashua ni mnyama anayekula kila siku na hatoi hata kinyesi cha kusilibia nyumba. Ukiitoa majini jua linaipasua, mbao zinaachana mpaka unaona mwanga upande wa pili. Ukiiacha majini inaanza kuoza tumboni. Nyufa zilizibwa kwa pamba na lami, na pamba hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye shamba la mama. Mama alilima, akapalilia, akachuma mpaka vidole vikachanika, na kabla mzigo haujakwenda mnadani Baba alikuja kuchagua ile nyeupe kuliko yote, akaipeleka kusokotwa na kupigiliwa kwenye mbao. Lami aliwaomba watu wa barabara, na wao walitaka mbuzi. Fundi alipoitwa alikula kwetu mpaka amalize kazi, na kwa kuwa hakushiba bila samaki, mama alimpikia nje ya uzio, kwenye sufuria ya kuazima, Bibi akiwa amejifunika pua kwa kanga. Misumari iliota kutu. Mnyororo uliibwa, ukanunuliwa mwingine na kufuli lake. Kasia ikavunjwa na kiboko. Hata samli tuliyokuwa tukijipaka ngozini ikapakwa kwenye mbao, na sisi tukaenda shule tumepauka kama majivu.

Na kazi yake? Masika mto ulishuka kwa ghadhabu, umebeba miti mizima na mizoga ya ng'ombe wa watu, hakuna aliyethubutu kuvuka. Kiangazi maji yalifika magotini, kila mtu alivuka kwa miguu yake, viatu mkononi. Kati ya masika na kiangazi palikuwa na majuma machache ambayo mashua ilifaa, na majuma hayo ukoo wetu wote ulivuka bure, maana huwezi kumdai shangazi yako. Mgeni ambaye si ndugu alilipa kuku. Yule kuku alichinjiwa waliopiga kasia.

Shule ya misheni ilikuwa ng'ambo, hivyo mashua ilipokuwa nzima nilikwenda kwa mashua, ilipokuwa mgonjwa nilivuka kwa miguu au nilibaki nyumbani nikiyakomba maji ndani yake kwa kibuyu. Nilikuwa msichana mkubwa wa darasa la nne, tulianza shule tukiwa wakubwa siku zile. Niliweza kusoma barua za kijiji kizima. Mwalimu wetu, mtu mwembamba mwenye baiskeli, aliwahi kuniambia naweza kufika mpaka chuo cha ualimu nikitulia. Nikatulia.

Ndipo kaka yangu alipotaka kuoa. Msichana alikuwa wa ng'ambo, upande wa Nyambureti, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima mwingine. Nitamwita wifi, kama nimwitavyo mpaka leo. Kaka alimpenda na wifi alimpenda kaka, jambo ambalo wazee walilichukulia kama bahati nzuri isiyo na uhusiano na mazungumzo. Wakwe wakataja mahari. Baba akatazama zizi lake. Lilikuwa na nafasi kubwa, mtoto angeweza kukimbia humo bila kugusa mkia.

Unajua alifanya nini? Aliwapa mashua. Alisema atatoa ng'ombe waliopo, na pale walipopungua mashua ijazie.

Wakwe walikuja kuikagua, na mimi nilikuwepo nikigawa pombe ya ulezi. Waliizunguka kama wanavyozunguka ng'ombe. Mmoja, ami yake wifi, mzee mfupi mwenye jicho moja la maji, aliipiga ubavu kwa fimbo, akainama akachungulia chini, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii hukamuliwa upande gani?"

Wanaume walicheka mpaka pombe ikamwagika. Baba hakucheka. Nilitegemea baba yake wifi akatae, wote tulitegemea. Lakini nilimwona anaitazama ile nafasi ya mbele ya kukaa, nikautambua ugonjwa. Akapanda, akaketi. Mtu mmoja ukingoni akamwamkia. Basi, yakawa yamekwisha. Wazee wawili wenye akili zao, mmoja akaondoka na mbao na mwingine akabaki bila ng'ombe, na kila mmoja alilala akijiona mjanja.

Wifi alikuja kwetu akapendwa. Alilima na mama, aliimba, alinichekesha mpaka nikashindwa kubeba mtungi. Lakini pale mtoni wasichana wengine walimwita mke wa mbao. Walimuuliza kama akinyeshewa anavimba. Mwanzoni aliwajibu, baadaye akaacha kujibu, na mwisho akawa anachota maji mchana wakati wa jua kali ambapo hakuna mtu. Nilikwenda naye. Siku moja aliniambia kwamba kwao kila mwanamke anajua ng'ombe wake. Dada yake akipita zizini anasema huyu mwenye baka ni mimi. "Mimi nikipita naangalia nini?" akaniuliza. Nikamtwisha mtungi wake.

Ng'ambo huko mashua ilifanya kama ilivyofanya kwetu. Ilikula. Baba yake wifi alimwita fundi, akamchinjia, akatafuta lami, akatafuta pamba, na mwisho kiboko akaibeba mgongoni ikaanguka kiubavu, ubao mmoja ukapasuka. Akaanza kutuma watu. Alisema amepewa mnyama mgonjwa, na kwa desturi mnyama wa mahari akija na ugonjwa hurudishwa na kuletwa mzima. Baba akajibu kwamba ilikuwa nzima ilipotoka kwake. Wakabishana hivyo msimu mzima, wakitumia maneno ya ng'ombe kwa kitu kisicho na miguu, huku wifi tumbo linakua.

Mwisho wakaja wenyewe kuirudisha, na kumchukua binti yao. Walikuja kwa mashua hiyohiyo, na hapo ndipo ninaposhindwa kuwaheshimu hata kwa kujilazimisha. Tuliwaona kutoka juu. Walipofika katikati ya mto walikuwa wanakomba maji kwa kofia zao. Walipokaribia ukingo wetu mashua ilizama polepole, bila fujo, na baba yake wifi akabaki amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, fimbo yake ameinua juu isilowe. Mamba walikuwepo, mto ule haujawahi kukosa mamba. Kaka alitupa kamba, na wifi, na tumbo lake lile, akaishika nyuma ya kaka akavuta. Walipomtoa, yule mzee alitetemeka, maji yakimtoka mifukoni, akasema bila hata kushukuru, "Funga mzigo wako, twende."

Wifi alikuwa bado ameshika kamba. "Baba," akasema, "kadai ng'ombe wako kwa aliyekuahidi. Mimi sidaiwi na mtu. Nimeolewa hapa na mwanangu atazaliwa hapa."

Sijawahi kusikia msichana akisema hivyo mbele ya wazee, na sikusikia tena kwa miaka mingi. Mama akampelekea yule mzee shuka kavu. Wazee wakaketi, wakazungumza tangu asubuhi mpaka mbuzi wakarudi, wakaamua kwamba wifi abaki na mashua irudi kwa mwenyewe, yaani kwa Baba, na ng'ombe waliopungua walipwe kabla ya masika. Mimi nilikuwa napita na kata ya maji. Baba alitazama zizi. Kisha akanitazama mimi.

Hakuniambia yeye. Aliyeniambia ni Bibi, yule aliyeidharau mashua tangu siku ya kwanza, aliyejifunika pua. Nilidhani atapiga kelele. Alinisuka nywele taratibu akasema watu wa upande wa Nyamisangura wana mifugo mizuri na kijana wao si mlevi. Mwalimu alisikia, akaja kwa baiskeli, akamwamkia Baba vizuri, shikamoo mzee, akaomba nimalize angalau mwaka ule. Baba alimkaribisha kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu kwa wageni, kisha akamjibu, "Mwalimu, wewe huna wakwe wanaokungoja." Mwalimu akaaga. Aliponipita penye uzio alinipa kipande cha chaki. Sijui kwa nini chaki. Nadhani ndicho alichokuwa nacho mfukoni.

Ng'ombe wa mahari yangu waliletwa kiangazi. Walikuwa wazuri kweli, sisemi kwa kujisifu. Walilala zizini kwetu usiku mmoja tu. Asubuhi kaka na vijana wengine wakawaswaga kwenda ng'ambo, na mimi na wifi tukasimama juu tukitazama. Maji yalikuwa machache. Ng'ombe walivuka kwa miguu yao, wakisimama kunywa, wakipita kando ya mashua iliyokuwa imelala matopeni na nyasi zimeanza kuota ndani yake. Wifi alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Akaninyooshea kidole ng'ombe mmoja mweusi mwenye kifua cheupe, akasema, "Yule ni wewe." Nikamwambia hapana, yule ni wewe. Tukalia sote wawili.

Mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, na maisha yangu hayakuwa mabaya. Nimelima, nimezaa, nimesomesha. Baba aliishi sana. Mashua ilioza hapohapo matopeni, mbao zikachukuliwa kidogokidogo kuwa kuni, na hata zikiwa kuni zilikuwa mbaya, zilijaa moshi wa lami mpaka chakula kikanuka. Lakini kadiri ilivyopotea ndivyo alivyozidi kuisimulia. Katika uzee wake ilikuwa mashua kubwa, iliyovusha mamia. Vijana walimpenda. Walimletea pombe ili aisimulie.

Alipofariki tulizika kwa heshima, watu wakajaa mpaka barabarani. Bibi hayupo siku nyingi, mama hayupo, fundi na wazee wale wote walikuwa wamekwisha tangulia, hakuna aliyebaki anayejua zaidi yetu sisi. Akasimama msemaji wa ukoo, kijana wa kisasa mwenye koti, akasema marehemu alikuwa mtu aliyeona mbali, wa kwanza katika ukoo kumiliki chombo, aliyewavusha wengine kwa gharama zake mwenyewe. Watu wakaitikia. Mchungaji akatikisa kichwa kukubali.

Wifi alikuwa ameketi karibu nami kwenye majani, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti. Akaniinamia. "Gharama zake mwenyewe," akasema.

Nikamwambia nyamaza, tupo msibani. Akanyamaza. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na yangu yakafuata, tukajifunika kanga usoni, na wanawake waliokuwa nyuma yetu wakatushika migongo, wakituambia tujikaze, wakidhani tunamlilia.