Valvu Tulizozibana Siku ya Posa

Sijui kama haya yanafaa kuandikwa, maana shule niliishia la saba, lakini kila nikiikumbuka siku ile nacheka peke yangu njiani.

Nilikuwa bodaboda Bulyanhulu. Pikipiki yangu ilikuwa imebeba wachimbaji miaka mingi, na valvu zikawa zinagonga, ta-ta-ta-ta. Ndivyo ilivyo: vyuma vinavyozisukuma vikilika, pengo kati yake na valvu linakua, na kelele nayo inakua. Mjomba, aliyekuwa anipeleke Ushirombo kuniposea, hakuipenda kabisa.

"Mpwa wangu, ukweni watadhani tumewaletea mashine ya kukoboa!"

Basi tukazibana mpaka zikanyamaza. Kwa haki niseme spana niliishika mimi, yeye alisema tu, "Bado, kaza!"

Tukaondoka asubuhi. Laini kama cherehani mpya! Mjomba na suti yake nyuma anaimba, mimi naitikia, mbuzi wanatukimbia.

Jua lilipopanda, kilima cha kwanza pikipiki ikakosa nguvu. Cha pili ikazima. Napiga kiki, inashuka bila ubishi wowote. Hapo nikaelewa, au nadhani nilielewa: chuma kikipata moto kinatanuka, na nafasi ya kutanukia tulikuwa tumeimaliza. Valvu hazifungi tena, nguvu yote inavuja.

Simu ikaita. Mchumba wangu, ananong'ona.

"Mko wapi? Baba amesema saa nane ikifika hamjaja, wazee wanaondoka, na posa ndiyo basi."

"Tunapoa."

"Mnapoa?!"

"Injini inapoa. Tunakuja."

Valvu hazipimwi injini ikiwa ya moto, kwa hiyo tukaketi barabarani tukiipepea kwa koti la suti. Ilipopoa, kipimo cha pengo hatuna. Mafundi wa kwetu hutumia wembe, na mjomba alikuwa nao mmoja mfukoni, wa kunyolea ndevu kabla hatujafika. Akautazama kwa huruma.

"Ndevu zangu au mke wako?"

"Mke, mjomba!"

"Haya. Ila mtoto wa kwanza anaitwa jina langu."

Nikalegeza skrubu, nikauingiza wembe kwenye pengo, nikakaza mpaka ukawa unapita kwa kubanwa kidogo. Kiki moja tu: ta-ta-ta-ta! Tukacheza katikati ya barabara, mjomba na koti lake bega moja.

Tulifika wazee wamekwisha simama. Shangazi mmoja akaziba mlango.

"Hawa wakwe au mafundi?"

"Wote wawili, mama," mjomba akajibu. "Mmepata kwa bei ya mmoja."

Baba mkwe hakucheka. Akamwita binti yake mbele ya watu, kama desturi, akamuuliza: "Hawa wageni unawafahamu?"

Alinitazama muda mrefu mno, naamini kwa makusudi.

"Nawafahamu, baba. Mwenye oili puani ndiye wangu."

Vigelegele vilipasuka, nami nikacheka mpaka mjomba akanifinya nikae kama mkwe.