Mlio Mwembamba

Fundi anayefunga vihisi vya magari, vile vinavyolia gari likirudi nyuma karibu na kitu, pale mtaani Nyawera huongea kwa sauti ya juu hata ukiwa umesimama karibu naye. Kabla ya kutoboa pareshoki, yaani bampa, ya nyuma, huipapasa kwa kidole gumba, polepole, kama anayepima homa. Mteja akija kuchagua, humsukumia vihisi vya mlio mzito. "Kamata hii, papa. Ile ingine haina sauti."

Mimi nilichagua ile ingine, ya mlio mwembamba, kwa kuwa rangi yake ilifanana na ya gari langu. Alipomaliza kufunga, nilirudisha gari nyuma taratibu kuelekea ukuta, naye akainama dirishani kusikiliza. Kifaa kikalia. Akatikisa kichwa, akachomoa waya, akauunga upya. Nikarudi tena, kikalia tena. Akakunja uso, akachukua bisibisi, akaanza kufungua kila kitu.

"Papa, iko inalia," nilimwambia. "Tangu mwanzo iko inalia."

Alinitazama mdomo, si macho. Kisha akakibana kile kispika kidogo kinachotoa mlio kati ya vidole vyake, na nilipoingiza gia ya nyuma akahisi kinatetemeka. Akakaa chini juu ya tairi kuukuu.

"Maombi," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni jina ya mutoto wangu mwanamuke. Sauti yake ni nyembamba vile. Nilikuwa ninamwita, ninaona ananyamaza tu. Nilimufukuza juu ya ile zarau yake, akaenda Nyangezi kwa shangazi yake."

Alikigeuza kile kispika kiganjani.

"Kumbe alikuwa anaitika."