Alifupisha noti za wimbo wa mama yangu ili ukae kwenye karatasi moja

Wakuu, amani kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na hasira ninazo mpaka leo.

Miaka ya tisini mwishoni nilikuwa naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia huku Chang'ombe. Mama alipofariki nikamtungia wimbo wa misa yake. Penye neno "mama" niliweka noti ndefu, mapigo manne, besi wanaingia chini yake taratibu.

Wimbo wenyewe ulikuwa pale. Ndipo nilipokuwa namlilia.

Katibu wetu, Kaka Stefano, alikuwa na kompyuta kazini kwake. Enzi hizo mwenye kompyuta tulikuwa tunamuonaga mungu mtu.

Akaleta programu kwenye disketi. Unaandika noti kwa herufi, urefu wake kwa namba, basi. Mistari, nafasi, kurasa, inapanga yenyewe. Ukitaka karatasi ionekane tofauti unabadilisha setting za juu, muziki hauguswi.

Jamani niliipenda! Tulizoea taipureta, ukikosea nafasi moja sauti zote zinahama. Nikaandika wimbo wote mwenyewe, nikamwachia Stefano auchape.

Siku ya mazoezi kaja na nakala, safi kweli. Tukaanza. Kufika kwenye "mama" wenzangu wakapita fasta, utadhani wanamwita muuza genge. Kuangalia karatasi, pigo moja!

Nikamuuliza Stefano. Eti wimbo ulikuwa unaingia ukurasa wa pili kwa mstari mmoja, haupendezi, kwa hiyo akapunguza zile namba.

Nikamwambia si ungepunguza ukubwa wa maandishi? Programu si ndiyo kazi yake hiyo?

Akanijibu mbele ya kwaya nzima.

"Dada Agnes, wewe uliniletea herufi tu. Muziki ni huu uliotoka kwenye printa."

Wakuu, nikamfuata mwalimu wa kwaya, mzee wetu, nikampa shikamoo yake, nikamweleza. Akasema nakala zimeshagawiwa, tusisumbuane, wimbo si unaeleweka?

Unaeleweka! Mama yangu mie, halafu naambiwa unaeleweka.

Misa ikaimbwa hivyo hivyo. Nilivuta mapigo yangu manne peke yangu, watu wakageuka kuniangalia wakidhani nimekosea.

Karatasi ile ikasambaa kwa fotokopi, kwaya za Tegeta, Segerea, kote huko.

Juzi kati naimba jikoni, binti yangu katoka mazoezini kwao, akanirekebisha kwa upole kabisa.

"Mama, hapo unavuta sana. Karatasi inasema pigo moja."

Nilikaa chini nikalia. Mtoto hana kosa, kasoma alichopewa.

Nilichojifunza: anayekupambia kazi yako simama naye mpaka amalize, maana mpambaji naye hujiona mwenye mali.

Aliyewahi kufanyiwa hivi aje tuongee. Na mwenye karatasi hiyo nyumbani, nakuomba uchukue kalamu. Pale kwenye "mama" ni mapigo manne.