Kahambu wa Ndani ya Kitabu

Siku ya kwanza Kahambu alipopita mbele ya mulango bila kusalimu, Mama Léocadie alisema moyoni kwamba hajamuona. Siku ya pili alisema labda ana haraka ya kufika soko la Kituku wakati mitumbwi inashusha sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Siku ya tatu Kahambu alipita na beseni kichwani, akatazama ukuta wa ng'ambo kama vile umejengwa jana, akaenda zake. Mama Léocadie akabaki na ufagio mukononi, hajui tena alikuwa anafagia wapi.

Miaka karibu makumi ine walikuwa wanasalimiana kila asubuhi. Walizaa pamoja, walizika waume, walikimbia volkano bega kwa bega. Kwa wengine yeye alikuwa Mama Léocadie, jina la ubatizo. Kahambu peke yake ndiye alimuita bado Kahindo, jina la nyumbani kwao Butembo. Na sasa kitabu cha kurasa makumi mbili na nane, kilichoshikwa na agrafi mbili za chuma, kilikuwa kimekaa katikati yao kama mawe ya volkano.

Kitabu chenyewe kilitoka wapi, hata yeye hakujua vizuri. Hakuwa mutu wa vitabu. Alisoma hadi darasa la sita ya msingi, akapata sertifika, ambayo iko ndani ya plastiki hadi leo, na mwandiko wake ungetia haya walimu wengi wa siku hizi. Kisha akashona. Alishona pale mutaa wa Mapendo, nguo za arusi na komunyo na matanga, hadi magoti yalipokataa pedali. Akaifunika mashine na kitambaa, na kwa wiki mbili mikono yake ilikaa juu ya mapaja kama wageni wawili ambao hawajapewa chai.

Muchana mumoja alichukua kaye, daftari ambamo alikuwa anaandika vipimo vya watu, akaigeuza, akaifungua kwa nyuma. Alitaka kuandika jina la dawa ya magoti asilisahau. Mukono ukaandika: «Asubuhi ya arusi ya binti wa muzee Sikuli, pasi ya jogoo ilipotea.»

Akaisoma sentensi ile mara tatu. Muzee Sikuli ni nani? Hakumujua. Pasi ile ya makala, yenye jogoo juu ya kifuniko, aliichukua nani? Hakujua vilevile. Ili ajue, ikabidi aendelee.

Akamuweka ndani fundi wa nguo, Mama Charline, ambaye haulizi mutu swali la macho kwa macho. Anamuambia tu: njoo nikupime gauni. Na mutu akishafungwa mita kiunoni hawezi kwenda popote. Anasimama, mikono juu, anaongea, na anaongea ya jirani kabla ya yale yake. Mama Léocadie alijua hayo sana. Alikuwa amepima nusu ya watu wa kartie.

Alipomaliza sura ya kwanza, akaipeleka kwa Landry, yule mwenye mashine za kuandika na kutoa fotokopi kwenye njia ya kwenda Katindo. Landry akasoma amesimama, akasahau kiliyanti aliyekuwa anangoja fotokopi.

«Mama, umeandika roman policier.»

«Polisi hayumo mule, Landry.»

«Ndiyo jina lake. Mutu akitafuta mwizi, ni policier.»

«Hata kama anayetafuta ni fundi wa nguo?»

«Hata kama ni padiri.»

Akarudi nyumbani kichwa kimemuzunguka. Kwa miaka yake makumi sita na tisa, na magoti yale, amekuwa muandishi wa mambo ya polisi, na polisi mwenyewe hamujui hata kwa sura.

Siku ya shirika, familia za avenue zilipokusanyika kusali, waliomba asome kidogo baada ya sala. Wakaomba tena wiki iliyofuata. Wiki ya tano watu walifika kabla ya saa, jambo ambalo padiri alikuwa ameliomba miaka na miaka bila kulipata. Wiki ya sita akasoma mwisho, na Landry akatoa kopi za kitabu. Mwizi wa pasi alikuwa Kahambu.

Jina lile alilichagua kwa akili zake zote. Kwetu Wanande mutoto anazaliwa jina likiwa linamungoja, kufuatana na yeye ni wa ngapi; hivyo kila avenue ina akina Kahambu, kama kila avenue ina mbwa. Akafikiri: jina ambalo ni la wengi hakuna atakayesema ni langu.

Asubuhi yake wawili walikuwa mulangoni, Kahambu muke wa seremala na Kahambu muuza unga.

«Mama Léocadie, mie pasi nimeiiba lini?» aliuliza muke wa seremala.

«Ni pasi ya muzee Sikuli.»

«Muzee Sikuli gani?»

«Hayuko. Nilimutunga.»

«Yeye umemutunga, na mie umenichukua muzima muzima!»

«Na umesema Kahambu meno ya mbele yameachana,» alisema yule wa unga. «Angalia.» Akafungua kinywa. Kweli yalikuwa yameachana. Mama Léocadie alikuwa hajayaangalia hata siku moja.

«Nyinyi muko wawili,» alisema, kidevu juu, sababu hakuwa mutu wa kuogopeshwa mulangoni pake. «Mwizi wangu ni mumoja. Muende musikilizane kwanza, kisha mwenye kuwa mwizi arudi peke yake.»

Wakacheka na hasira zao usoni. Walipofika barabarani yule wa unga akarudi kuomba kopi moja kwa ajili ya dada yake wa Beni. Dada yule naye ni Kahambu.

Wale hawakumusumbua. Aliyemusumbua ni Kahambu wa tatu, wake mwenyewe, ambaye hakuja kugombana.

Akarudi kwa Landry kubadilisha jina.

«Tuweke Nshobole,» alisema Landry.

«Nshobole ndiye ananiletea ndizi. Unataka nikufe na njaa?»

«Daniella.»

«Mutoto wa kiongozi wa shirika.»

Umwiza, mama jirani wa upande wa Rutshuru, alikuwa amekaa pale anangoja fotokopi yake. «Mama Léocadie, tafazali,» alisema polepole, «usiweke jina la kwetu. Leo ni hadisi ya pasi. Kesho watu wataifanya hadisi ingine, ya kabila.»

Mashine ya Landry iliendelea kutoa karatasi.

«Basi mwizi asiwe na jina,» alisema Landry mwishoni.

«Mutu asiye na jina, mama yake alimuitaje aje kula?»

Akarudi na kaye yake kwapani, haelewi kitu. Akakaa, akasoma tena maneno yake mwenyewe kama barua ya mutu mugeni. Kahambu wa kitabu ni murefu. Akitembea anainama kidogo upande wa kushoto, kama mutu aliyezoea muzigo kichwani. Akicheka anafunika kinywa na upande wa mukono. Mama Léocadie akaweka kaye chini. Meno ni ya mwenye unga, sawa, lakini mwendo ule? Na kicheko? Nani alimuambia amuandike Kahambu wake hivyo?

Na pasi. Jogoo wa juu ya kifuniko hana kilemba, kilikatika. Kilikatika Butembo, kabla mama yake hajamupa pasi ile, siku alipoondoka kuolewa. Hiyo haikuwa pasi ya muzee Sikuli. Ilikuwa yake, na aliiona mwisho mwaka volkano iliposhuka mujini.

Siku ya tatu baada ya kukimbia, watu walipoanza kuthubutu kurudi, yeye alikuwa Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, na mutoto mugonjwa mugongoni. Kahambu ndiye aliyerudi. Alikuta moto wa volkano umesimama nyuma ya nyumba ya Mama Léocadie, jiko limekwenda, choo kimekwenda, nyumba imebaki. Akaingia katika joto lile akatoa magodoro, masufuria, sanamu ya Bikira Maria, na kichwa cha mashine ya kushona, ambacho alikivusha mupaka akikibeba kichwani. Mama Léocadie alilia kwa shukrani. Na alipokuwa analia, macho yake yalikuwa yanahesabu. Pasi haikuwamo.

Hakuuliza. Je, alifikiri? Hapo ndipo akili ilikuwa inamugomea. Hakumbuki kusema moyoni kwamba Kahambu ameichukua. Lakini hakumbuki kusema kwamba hakuichukua. Miaka zaidi ya makumi mbili, na mukono umekwenda kusema kitu ambacho yeye mwenyewe hajui kama alikisadiki.

Kesho yake asubuhi akashuka Kituku, magoti yakilia. Kahambu alikuwa amekaa nyuma ya rundo la sambaza, anafukuza nzi.

«Umekuja kununua?»

«Nimekuja kuuliza.»

«Uliza. Siku hizi unajua kuuliza. Umejaza kitabu.»

«Ulikisoma?»

«Mara mbili. Ya kwanza nililia. Ya pili nilitafuta kosa.»

«Ukaliona?»

Kahambu akaacha nzi. «Ukurasa wa pili unasema pasi imejazwa makala ya moto tangu asubuhi, iko nyekundu, inanyoosha nguo ya bibi arusi. Ukurasa wa makumi mbili na sita, Kahambu ameifunga ndani ya kitenge, ameiweka kwapani, anakimbia. Kahindo! Pasi yenye moto. Kwapani!»

Mama wa rundo la karibu akacheka hadi akashika tumbo. «Huyo si mwizi, mama. Ni mushikaki.»

Mama Léocadie hakucheka. Alikuwa amesimama mukono mbele, vidole vimekunjana juu ya mushikio ambao haukuwepo. Miaka yote ya kunyoosha nguo, na kosa kama lile limemupita! Pasi ya makala haifungwi ndani ya kitu. Inangojewa ipoe. Na siku ile… Siku ile alikuwa ananyoosha shati la Carlos, mutoto wake wa kwanza. Alisikia avenue yote inapiga kelele na miguu. Alikuwa na pasi mukononi, moto ndani. Hawezi kuitia ndani ya muzigo. Hawezi kuiacha juu ya meza, itaunguza nyumba. Mulima muzima unashuka kuunguza muji, na yeye anaogopa pasi! Akatoka nyuma mbio, akaiweka juu ya jiwe, pembeni ya pipa la maji.

«Niliiweka nje,» alisema.

«Nini?»

«Pasi yangu. Ilikuwa na moto. Niliiweka nyuma, karibu na pipa.»

Kahambu akamutazama mara ya kwanza tangu siku ine. «Pale nyuma sasa ni mawe matupu.»

«Ndiyo.»

«Na miaka hii yote ulifikiri iko kwangu.»

«Sijui kama nilifikiri, Kahambu. Mungu anasikia, sijui.»

«Mukono wako ulijua.» Akapanga sambaza ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. «Ungeniuliza siku ile ile, kule Gisenyi. Ningekucheka, na ingeisha.»

«Ulikuwa umenivushia mashine kichwani. Ningeuliza pasi na kinywa gani?»

Kiliyanti alifika, Kahambu akamupimia, akamufungia. Kisha akasema bila kuinua kichwa: «Juma tatu shirika iko nyumbani kwangu. Enda uandike.»

Siku zilizobaki Mama Léocadie aliandika, akafuta, akaandika. Landry alipoona kurasa mupya akakuna kichwa: kama mwizi hayuko, alisema, hii si policier tena, na yeye hajui aandike nini juu ya kifuniko. Mama Léocadie naye hakujua.

Juma tatu nyumba ya Kahambu ilijaa hadi dirishani. Sala ilikwisha. Kahambu alikuwa amesimama kwenye mulango wa jiko, mikono kifuani, na Mama Léocadie akasoma na sauti ambayo haikuwa yake. Mama Charline aliita watu wote wa arusi. Akajaza makala pasi ya jirani, akaifunga na kitenge, akamuambia kila mumoja aiweke kwapani. Hakuna aliyekubali, kitenge kilianza kutoa moshi. Basi, alisema Mama Charline, pasi yenye moto haiibiwi. Inawekwa nje ipoe, na anayejua ilikuwa na moto ni yule aliyeiwasha. Mwenye pasi ndiye aliyeipoteza, na kwa haya ya kusahau akaacha jina la mwenzake lichafuke. Jina lake ni Kahindo.

Wamama watatu wakainua vichwa pamoja. «Kahindo gani?»

«Mimi,» alisema Mama Léocadie. «Nyinyi mutulie.»

Muke wa seremala akauliza: «Kwa hiyo mwizi hayuko?»

«Hayuko.»

«Basi wiki zote hizi tulikuwa tunasikiliza nini?»

Swali lilikuwa la haki. Akafunga kaye. Hapo sauti ikatoka mulangoni mwa jiko.

«Na bibi arusi?» alisema Kahambu. «Pasi imepotea asubuhi. Alivaa nguo yenye kukunjana? Alikwenda mbele ya altari hivyo hivyo?»

Mama Léocadie akafungua kaye tena, akageuza kurasa mbele na nyuma. Alikuwa amemusahau bibi arusi kabisa. Alimuacha amekaa juu ya kitanda tangu sura ya kwanza, nguo magotini, anangoja.

«Sijui,» alisema.

«Hujui!» Kahambu akaja katikati ya watu na sahani ya sambaza za kukaanga, akaiweka juu ya mapaja ya Mama Léocadie, juu ya kaye, mafuta yakagusa kifuniko. «Kula. Na ukishajua, utanisomea mie kwanza, kabla ya Landry. Wewe macho yako yanaona vipimo tu.» Akafunika kinywa na upande wa mukono.

Asubuhi yake Mama Léocadie alikuwa anafagia. Kahambu akatokea na beseni kichwani, ameinama kidogo kushoto. Alifika mbele ya mulango akasimama.

«Kahindo. Umejua?»

«Bado.»

«Mumh,» alisema Kahambu, akashuka kuelekea Kituku, na Mama Léocadie akaendelea kufagia pale pale alipokuwa amekwisha kufagia, akimuwaza binti yule na nguo yake, na mulango ambao atatokea.