Filimbi Nyembamba ya Werema

Makoko nzima ilijua filimbi za Werema, baba yake Gati. Miaka ile ya maduka matupu, alikuwaga anazikata kwenye mabomba ya pampu mbovu za baiskeli. Zile za sauti nzito ziliongoza kwaya vizuri mno. Za sauti nyembamba zililia kama paka aliyekanyagwa mkia, naye akasingizia pumzi za wapigaji. Fundi gani huyo?

Biashara ilipofunguliwa, filimbi za ng'ambo zikafika sokoni Musoma, na hizo, hata za sauti nyembamba, zililia safi. Werema akanunua moja kimyakimya, akaikwangua rangi kwa msasa, akaenda nayo kanisani.

“Hii nimetengeneza mwenyewe,” akasema, akapuliza.

Kwaya ikampigia makofi. “Umewaweza wa ng'ambo, Baba Gati!”

Afadhali wangemzomea. Alitoka kanisani kichwa chini, makofi yakimfuata mpaka mlangoni.

Kesho yake akaja jirani yake Helena, mjane, na pampu ya baiskeli ya marehemu mumewe. Ilikuwa nzima, bado inajaza upepo.

“Ikate, shemeji,” akasema. “Mwanangu naye apate filimbi kama ile.”

Werema akaipokea kwa mikono miwili, macho yake yakiwa chini.